Hesabuni Kijiji Chenu Kabla Hakijahesabiwa na Wengine

Mwongozo wa daftari la wakazi kwa vijiji vya Lualaba

Ukifika katika kijiji chochote kando ya barabara ya Kolwezi na Likasi, au kando ya reli inayoelekea Mutshatsha na Dilolo, uliza swali moja tu: hapa wanaishi watu wangapi? Shefu wa kijiji atakupa idadi yake. Muuguzi wa kituo cha afya atakupa nyingine. Kampuni yenye kibali cha madini ina idadi yake kwenye makabati ya ofisi, na wanasiasa nao wana ya kwao. Idadi hizo hupishana, na siku ya kuamua jambo kubwa, ile inayosikilizwa mara nyingi siyo ya kijiji.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Watu wana thamani kuliko mali, kwa hiyo daftari lao linastahili kutunzwa vizuri zaidi. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua jinsi kijiji kinavyoweza kujihesabu, kuisoma hesabu yake na kuitumia mbele ya serikali, shule, zoni ya afya na kampuni za madini. Vifaa vinavyohitajika ni madaftari mawili makubwa, kalamu za wino na watu wachache wanaoaminika na wanaojua kuandika vizuri.

Kwa nini kazi hii ni ya kijiji

Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984, tarehe ya kuhesabu ikiwa 1 Julai, nchi ikiitwa Zaire na Katanga ikiitwa Shaba. Ilipata watu karibu milioni 30.7. Tangu hapo sensa ya pili imepangwa na kuahirishwa, na Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba Wakongo sasa wamepita milioni 100. Mtu aliyezaliwa wiki moja baada ya sensa ile leo anaweza kuwa na wajukuu, na hajawahi kuhesabiwa katika sensa yoyote ya taifa.

Kukosekana kwa sensa kumefanya idadi nyingi zinazotumika ofisini ziwe makadirio: idadi ya zamani inaongezewa asilimia fulani kila mwaka. Njia hiyo inaweza kukaribia ukweli mahali ambapo watu huzaliwa, huishi na hufa palepale. Kwetu Lualaba haifai, kwa sababu madini huvuta watu na madini huwaondoa. Mwaka 2003 na 2004 kampuni ya madini ya Gécamines ilipunguza wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na familia nyingi zikalazimika kutafuta maisha mengine, shambani au kwenye mashimo. Fungurume ulikuwa mji mdogo. Tangu mgodi wa Tenke Fungurume uanze kuzalisha mwaka 2009, watu wamemiminika kutoka kila upande. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, ilijulikana kwamba chini ya nyumba kuna kobalti. Mashimo yakachimbwa viwanjani, wageni wakafurika, na kufikia 2017 kaya mia kadhaa zikahamishwa. Hakuna asilimia ya kukadiria inayoweza kufuata mizunguko kama hiyo.

Tuangalie wenzetu. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilitoa takwimu za kila kijiji peke yake, na India ina vijiji zaidi ya 640,000. Katika takwimu hizo utakuta idadi ya kaya, wanaume na wanawake, watoto wa umri wa 0 hadi 6, wanaojua kusoma, wanaolima shamba lao wenyewe na wanaolima kwa kibarua. Mkulima wa kule akidai shule, anaanza na karatasi. Karibu yetu, Tanzania ilihesabu watu wake tarehe 23 Agosti 2022 na kupata 61,741,120. Mpaka siku taifa letu litakapofanya kazi hiyo, daftari la kijiji ndilo ushahidi ulio karibu zaidi na ukweli.

Ondoeni hofu kwanza

Wazee wengi husita wakiona mtu anapita na kalamu, na wana sababu. Enzi ya Wabelgiji, ofisa aliyehesabu kijiji alitaka kujua kwanza wanaume wazima wenye nguvu ni wangapi, kwa ajili ya kodi, kilimo cha lazima na kuchukua vibarua wa migodi. Kuhesabiwa kulimaanisha kuchukuliwa, na familia nyingi zilijificha porini.

Kwa hiyo msianze na daftari. Anzeni na mkutano chini ya mti au kanisani, shefu na wazee wakiwepo, akina mama wakiwepo, vijana wakiwepo. Elezeni mambo matatu waziwazi: daftari halihusu kodi, daftari halihusu chama wala mgombea, na daftari ni mali ya kijiji, halitolewi kwa mtu yeyote bila idhini ya kamati. Kisha chagueni kamati ya watu watano. Mwalimu ni muhimu kwa sababu ya mwandiko, na mhudumu wa afya wa jamii kwa sababu anaijua kila nyumba. Wawepo pia wanawake wasiopungua wawili, kwani kuna mambo ya kaya ambayo mama hatamwambia mwanamume mgeni mlangoni. Shefu awe mlezi wa kazi, lakini kalamu ishikwe na kamati.

Kaya ni nini, na mkazi ni nani

Makosa mengi huanzia hapa. Msihesabu nyumba, hesabuni kaya. Kaya ni watu wanaopika chungu kimoja na kula bukari pamoja, hata kama wanalala katika nyumba mbili. Mume mwenye wake wawili, kila mke na jiko lake, ana kaya mbili, na kila mke aandikwe kama mkuu wa kaya yake pamoja na jina la mume. Mjane anayeishi na wajukuu ni kaya. Vijana watano waliokodi chumba wachimbe pamoja na kupika pamoja ni kaya. Mpangaji anayejipikia ni kaya yake, si sehemu ya kaya ya mwenye nyumba.

Mkazi ni mtu aliyeishi kijijini miezi 6 au zaidi, au aliyefika karibuni kwa nia ya kukaa. Anayesoma Lubumbashi na kurudi likizo tu hahesabiwi kuwa mkazi, lakini jina lake liandikwe katika safu ya wasiokuwepo, pamoja na mahali alipo. Mchimbaji aliyekuja kwa msimu aandikwe kwenye orodha ya wageni. Msichanganye orodha hizi. Kijiji kinachochanganya wageni na wakazi kitapata idadi kubwa leo, na kesho kampuni ikija kuhakiki itakataa daftari lote.

Nini kiandikwe

Pigeni mistari katika kila ukurasa na kuweka safu hizi:

1. Namba ya kaya. Andikeni pia kwa chokaa mlangoni, ili kaya isirukwe wala kuhesabiwa mara mbili.
2. Majina kamili ya kila mtu, kuanzia mkuu wa kaya. Watoto wachanga nao waandikwe, hata aliyezaliwa jana.
3. Uhusiano na mkuu wa kaya: mke, mtoto, mjukuu, mama mzazi, shemeji, mtumishi.
4. Mwanamume au mwanamke.
5. Mwaka wa kuzaliwa. Msiandike umri, kwa sababu umri hubadilika kila mwaka na mwaka wa kuzaliwa haubadiliki.
6. Mwaka wa kufika kijijini, na alikotoka.
7. Kama anasoma: darasa gani na shule gani.
8. Kazi yake kuu: kulima, kuchimba, kuchoma makaa, biashara, kazi ya kampuni, uvuvi.
9. Kama ana cheti cha kuzaliwa au kadi ya mpiga kura.
10. Ulemavu unaohitaji msaada, kama kutoona au kutotembea.
11. Nyumba ni yake au amepanga.

Kuna jambo moja ambalo halifai kuandikwa: kabila. Waliokuwa Kolwezi na Likasi mwaka 1992 na 1993 wanakumbuka jinsi maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilivyofukuzwa na kusongamana kwenye vituo vya reli. Orodha ya majina yenye safu ya kabila ni silaha inayosubiri mtu wa kuiokota. Kisima, chanjo na darasa havihitaji kujua kabila la mtu. Achaneni nalo kabisa.

Kupata mwaka wa kuzaliwa

Watu wengi, hasa wazee, hawana karatasi inayoonyesha walizaliwa lini. Ukimwuliza mama mzee ana miaka mingapi, atasema "sitini" ili umwache aendelee na kazi. Njia bora ni kumpitisha kwenye matukio yanayokumbukwa na wote. Bandikeni orodha hii ndani ya jalada la daftari:

1960: Uhuru, 30 Juni, Katanga yajitenga, 11 Julai.
1963: Kujitenga kwa Katanga kwaisha, Januari.
1967: Serikali yachukua kampuni ya madini ya Union Minière.
1971: Nchi yaitwa Zaire, 27 Oktoba.
1977: Vita ya siku 80.
1978: Vita ya siku sita, Kolwezi, Mei.
1990: Mgodi wa Kamoto waporomoka, Septemba.
1992–1993: Watu wa asili ya Kasai wafukuzwa.
1997: Mzee Laurent-Désiré Kabila achukua nchi, Mei.
2001: Mzee Kabila auawa, Januari.
2006: Uchaguzi mkuu, Julai.
2015: Katanga yagawanywa, jimbo la Lualaba lazaliwa.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Jambo mama. Wakati wa vita ya siku sita ulikuwa wapi?"
"Nilikuwa Kanzenze, kwa baba yangu."
"Ulikuwa umeshaolewa?"
"Bado. Lakini mahari ilikuwa imeanza kuletwa. Niliolewa vita ilipokwisha, wakati wa kuvuna mahindi uliofuata."
"Na mtoto wa kwanza?"
"Huyu hapa, ana kadi. Soma mwenyewe."

Kadi ya mtoto inasema 1980. Kama mama aliolewa mwaka 1979 akiwa na umri wa kati ya miaka 16 na 19, alizaliwa kati ya 1960 na 1963. Muulizeni tena: wazazi walimwambia kwamba alizaliwa kabla ya Uhuru au baadaye? Akisema alizaliwa wakati Katanga ina bendera yake, andikeni 1961 na wekeni alama ya duara kuonyesha ni makadirio. Dakika tano za mazungumzo kama hayo zina faida kuliko umri wa kubahatisha. Tena mzee akiona historia yake inaheshimiwa, hufungua mlango wa nyumba nyingine kumi.

Lini kuhesabu

Chagueni kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane. Barabara zinapitika na kazi za shamba zimepungua. Jueni hata hivyo kwamba huo ndio msimu ambao wachimbaji wa mikono ni wengi zaidi, kwa sababu mashimo hayajajaa maji. Kijiji kilicho karibu na machimbo kihesabu tena wageni wake mwezi wa pili, mvua ikiwa kubwa, ili kuona tofauti ya misimu miwili.

Wekeni usiku mmoja kuwa usiku wa hesabu, na hata kama kuzunguka kutachukua siku tatu, kila kaya iulizwe juu ya usiku huohuo. Mtoto aliyezaliwa siku moja baadaye aandikwe katika kurasa za nyongeza. Mwishoni, mwanakamati ambaye hakuhesabu mtaa fulani achague kaya kumi za mtaa huo na kuzirudia. Zikilingana, endeleeni. Zikipishana, rudieni mtaa wote.

Jinsi ya kusoma hesabu

Idadi tupu haisaidii mpaka mjue maana yake. Tuchukue kijiji cha mfano, cha kubuni, chenye watu 800 katika kaya 148.

Ukubwa wa kaya. Gawanya 800 kwa 148, utapata watu 5.4 kwa kaya. Mkiona mtaa mmoja una kaya za watu 9 na zaidi, huenda huko kuna familia zilizohifadhi ndugu waliohamishwa mahali pengine. Wahitaji wa nyumba na chakula watafuteni huko kwanza.

Wanaume na wanawake. Kijiji chetu kina wanaume 436 na wanawake 364, sawa na wanaume 120 kwa kila wanawake 100. Katika nchi nzima, jinsia hizi mbili zinakaribia kulingana. Mkiangalia miaka ya kuzaliwa mtaona ziada hiyo ni vijana wa miaka 20 hadi 39, yaani wachimbaji. Kijiji cha mbali na migodi kitaonyesha kinyume: wanawake, watoto na wazee wengi, vijana wa kiume wamekwenda Kolwezi. Kijiji cha kwanza kinahitaji vyoo zaidi, ulinzi wa wasichana na huduma za magonjwa ya zinaa. Cha pili kinahitaji mikono ya kulima.

Watoto. Walio chini ya miaka 15 ni 352, yaani 44 kwa kila 100. Hilo ni jambo la kawaida Kongo, nchi ambayo utafiti wa afya wa 2013–2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke. Watu wa miaka 15 hadi 64 ni 424 na wazee wa 65 na zaidi ni 24. Jumlisheni watoto na wazee, gawanyeni kwa watu wa umri wa kazi: kila watu wazima 100 wanabeba wengine 89. Mgodi ukifunga, mzigo wa kijiji ndio huo.

Kukua. Mwaka mmoja baadaye kijiji kimepata watoto 34, kimezika 8, kimepokea wahamiaji 61, na 22 wameondoka. Hesabu ni 800 ongeza 34, toa 8, ongeza 61, toa 22: watu 865. Kati ya watu 65 walioongezeka, 26 wametokana na uzazi na 39 wametokana na kuhama. Kijiji hiki kinakua zaidi kwa barabara kuliko kwa uzazi, na mpango wake wa viwanja na maji unapaswa kujua hilo. Hata bila wahamiaji, idadi inayokua asilimia 3.2 kwa mwaka, kama ya nchi yetu, huongezeka maradufu kwa miaka 22 hivi.

Pelekeni idadi mahali inapofanya kazi

Afya. Lualaba ina zoni za afya 14, na kila kituo hupanga dawa na chanjo kwa idadi ya watu. Kwa kawaida wanakadiria wajawazito 4 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Kwa watu 800 ni wajawazito 32. Mkiwa na orodha yenu, mtamwambia muuguzi ni wangapi hasa, na ni nani hajafika kliniki. Kampeni ya vyandarua ikija, Shirika la Afya Duniani linashauri chandarua kimoja kwa watu wawili, na wakati wa kuagiza idadi ya watu igawanywe kwa 1.8. Kijiji chetu kinahitaji vyandarua 444. Kituo kikiwa bado na makadirio ya watu 500, vitaletwa 278, na familia nyingi zitalala bila kinga. Jumla ya daftari ikifika kituoni kabla ya kampeni, pengo hilo linaonekana mapema.

Shule. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Hesabuni watoto wa miaka 6 hadi 11, kisha hesabuni walioko darasani. Kama wa kwanza ni 128 na wa pili ni 71, kuna watoto 57 nje ya shule, na daftari linaonyesha nyumba wanazotoka. Tenganisheni wasichana na wavulana: mara nyingi wavulana wako kwenye machimbo wakiosha mawe, na wasichana wako na ndoo au wadogo zao. Mkienda kwa mkaguzi wa shule na majina 57, hamtajibiwa kama mliokwenda na malalamiko.

Maji. Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika ya misaada ya dharura, zinasema pampu moja ya mkono isihudumie zaidi ya watu 500. Watu 800 wanahitaji pampu mbili zinazofanya kazi. Pampu iliyoharibika isihesabiwe.

Madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha wa mgodi iende kwa eneo la utawala lenye mgodi: mji, komuni, sekta au utawala wa kimila unaotambuliwa kisheria. Katika eneo letu, Manika, Dilala, Fungurume na sekta ya Luilu ni miongoni mwa maeneo hayo. Kijiji chenyewe hakimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo lazima kiende sekta au komuni kudai sehemu yake, na huko idadi ya watu ndiyo hoja. Sheria hiyohiyo inaitaka kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii, pamoja na kusaini makubaliano ya miradi na jamii husika. Mkikaa mezani kujadili zahanati au daraja, wekeni daftari mezani.

Vyeti vya kuzaliwa

Mwaka 2013–2014, ni mtoto mmoja tu kati ya wanne wa chini ya miaka 5 nchini aliyekuwa ameandikishwa. Sheria inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto bila malipo katika ofisi ya usajili wa raia, etasivili kama wengi wanavyoiita. Karatasi ya hospitali siyo cheti. Ni ushahidi wa kupeleka ofisini ili cheti kitolewe. Siku 90 zikipita, itahitajika hukumu ya mahakama, na hiyo ina safari na gharama.

Daftari linasaidia hapa moja kwa moja. Kila mwisho wa mwezi, katibu wa kamati aandike watoto waliozaliwa, ahesabu siku zilizobaki, na kuwakumbusha wazazi. Familia kumi zikiandikisha pamoja, mtu mmoja anaweza kumwomba ofisa afike kijijini au kupanga safari moja ya pikipiki badala ya kumi. Vifo navyo viandikwe mwezi huohuo. Mjane anayedai shamba la marehemu atahitaji ushahidi kwamba alikuwa mke wake na kwamba waliishi pamoja hapo.

Siku kampuni itakapokuja kuhesabu

Hapa daftari hulipa gharama zake zote. Kanuni za madini za Juni 2018 zina sehemu maalumu, Nyongeza ya XVIII, inayohusu fidia na kuhamishwa kwa jamii zinazoathiriwa na mgodi. Taratibu za kimataifa, zikiwemo za Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, huweka tarehe ya mwisho: waliokuwepo siku hiyo wanastahili, na watakaofika baadaye hawastahili. Baada ya tarehe hiyo kila kitu hubishaniwa. Nani alikuwa anaishi hapa? Tangu lini? Nyumba ni ya nani? Shamba lile ni la mume au la mke mdogo?

Mwezi Septemba 2023, Amnesty International na shirika la Kolwezi la IBGDH walitoa ripoti juu ya watu waliotolewa kwenye makazi na mashamba yao ili migodi ya shaba na kobalti ipanuke. Watu wanaohamishwa bila karatasi hubaki na maneno yao tu dhidi ya orodha iliyoandikwa na mwingine. Kijiji chenye daftari la miaka mitano, lililotiwa saini kila mwaka, kinaweza kusema: kaya hii ilikuwepo 2021, ilikuwa na watu saba, mama ndiye mkuu wa kaya, alifika 1998.

Wakija wahesabuji wa kampuni, fanyeni hivi. Ombeni tarehe ya mwisho itangazwe kwa maandishi na kubandikwa mahali pa wazi. Mwanakamati atembee nao nyumba kwa nyumba. Kila kaya ipewe nakala ya fomu yake kabla ya kutia saini. Mke awepo, si mume peke yake, na kila mke wa ndoa ya wake wengi ajaziwe fomu yake. Wapangaji wasisahauliwe. Linganisheni orodha zote mbili kabla ya kamati kukubali chochote. Na msiongeze majina ya uongo kamwe: jina moja la hewa likigunduliwa, majina mia ya kweli yatatiliwa shaka.

Kulitunza daftari

Andikeni madaftari mawili yanayofanana. Moja likae kwa shefu, lingine kwa mwalimu au parokiani, nyumba mbili tofauti, ili moto au mvua isiondoe yote. Pigeni picha kila ukurasa kwa simu na zihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu ya kamati, zisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp. Kila mwaka, siku ileile, kamati isome jumla mbele ya mkutano, irekebishe, na shefu, katibu na mwakilishi wa akina mama watie saini na tarehe. Pelekeni jumla tu kwa mkuu wa sekta na kituo cha afya, mkipata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Muhuri huo ndio utakaosema miaka ijayo kwamba idadi haikutungwa jana.

Akija mtu kuomba orodha ya majina, iwe mwanasiasa, mnunuzi wa madini au mtafiti, apewe jumla: idadi ya kaya, ya watoto, ya wanawake. Majina, miaka ya kuzaliwa na hali ya afya ni mali ya mtu mwenyewe, na Kanuni ya Kidijitali iliyotolewa Kongo mwezi Machi 2023 nayo inalinda taarifa binafsi.

Siku serikali itakapoleta sensa ya taifa, wapokeeni makarani kwa moyo, waonyesheni njia, wapeni namba za milangoni. Daftari lenu halichukui nafasi ya sensa. Linaipa msingi wa kulinganisha. Msisubiri siku hiyo. Itisheni mkutano mwezi huu, chagueni watu watano, nunueni madaftari mawili, na kaya ya kwanza iandikwe kabla mvua hazijaanza.